Kwa Nini Watu wa Kwembago Hupiga Magoti Kabla ya Kulima

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Hapo kale watu wa Kwembago, kule milimani, walilima wakiwa wamejikunja. Mipini ya majembe yao haikuzidi dhiraa moja, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mtu aliingia shambani amenyooka, akatoka ameshika kiuno, na hakuna aliyeona ajabu. Watoto walifunzwa hivyo tangu wadogo. Jembe la mpini mrefu lilikuwa aibu ambayo hata watani hawakuigusa.

Alikuwepo mjane mmoja aitwaye Nakijwa, mama wa watoto wawili, aliyezaliwa na maradhi ya kuuliza. Akiambiwa mkwe haketi kigoda kimoja na mkwewe, atataka kujua ni nani aliyekataa kwanza na alikuwa amekasirishwa na nini. Marehemu mumewe alizoea kucheka maswali hayo. Sasa Nakijwa alibaki na shamba la mumewe, pamoja na sheria yake: shamba ambalo halijalimwa mvua ya kwanza ikinyesha hurudi kwa ukoo, likapewa mwenye nguvu.

Mwaka huo aliteleza mtoni na mtungi wa maji kichwani. Mtungi ulivunjika, na mgongo nao ukakataa kuinama. Alijaribu kulima, akapiga jembe mara mbili tu, akakaa chini akilia. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa mashariki. Nakijwa aliogopa, wala hakuogopa bure. Bila shamba lile wanawe wangekula kwa huruma za watu, na huruma za watu zina mwisho.

Hapo ndipo maradhi yake yalipompanda. Kwa nini mpini uwe mfupi?

Alianza kwa mhunzi. “Nimemkuta baba akitia mpini huuhuu,” mhunzi alimjibu bila kuinua macho. “Unataka nijifanye namzidi akili baba yangu?” Kutoka hapo alikwenda kwa shemeji yake, Senkondo, mkuu wa ukoo, mtu mwema lakini mgumu kugeuka. Senkondo alimweleza kwa upole, “Shemeji, ardhi ni mama. Mama hasemeshwi na mtu aliyemsimamia.” Jibu hilo lilimpendeza Nakijwa. Halikumtosha, kwa sababu mama gani huyu aliyetaka kuheshimiwa kwa dhiraa moja kamili, isizidi wala isipungue?

Mwisho akamwendea Bibi Namcha, aliyewazika wenzake wote wa rika lake. Bibi alilisikia swali, akacheka mpaka ugoro ukamtoka mkononi.

“Mjukuu wangu, ni moto tu,” alisema. “Bibi yangu alikuwa mtoto mlima huu ulipoungua wote. Hapakubaki mti. Vikaota vichaka, na kichaka kilitoa mpini wa dhiraa moja, basi. Miti iliporudi, waliouona moto walikuwa wameshakufa, na watoto wao walikuwa wameshazoea. Hiyo habari ya mama nimeisikia nikiwa tayari nina mvi.”

Nakijwa alirudi nyumbani akitembea taratibu, na ingawa mgongo ulimuuma, alikuwa akitabasamu. Alikata mti wa kimo chake, akauchonga, akautia jembe. Kesho yake akaanza kulima amesimama.

Habari ilifika kisimani kabla ya saa nne. Wanawake waliokuwa wakitwika maji pamoja naye kila siku walimwacha njiani. Salamu zake zikawa hazijibiwi. Mwanawe mkubwa alirudi analia kwa sababu wenzake walimwita mtoto wa msimamia mama. Siku ya tatu Senkondo alikuja na wazee wanne waliotoka shambani na majembe yao, kumnyang’anya jembe.

Nakijwa aliwasimulia habari ya moto, neno kwa neno, akidhani ukweli utamtetea. Haukumtetea. Mzee mmoja alisema Bibi Namcha amezeeka. Mwingine alisema kitu ambacho mimi hukikumbuka kila ninapomwona mtu akibishana na desturi: “Hata kama ni moto ulioanzisha, mama zetu wamezikwa humu wakiinamiwa. Leo tuwaambie nini?”

Nakijwa alikuwa amejua mila ilikotoka, lakini hakuwa amejua ilikofika. Ilianza kwa kukosa miti, na njiani ikawa imebeba mapenzi ya watu kwa wafu wao. Akaona haya kidogo, nami namsifu kwa haya hizo.

Mgongo wake haukuweza kuinama, lakini magoti yake yalikuwa mazima. Akapiga magoti, akaushika mpini chini kabisa, karibu na bapa la jembe, akachota udongo mara tatu polepole. Kisha akainuka, akajiegemeza kwenye ule mpini mrefu.

“Shemeji,” alimwambia Senkondo, “wewe mama yako ulimsalimia umeinama. Je, ulishinda umeinama kutwa nzima?”

Senkondo aliutazama udongo, akaitazama mipini mifupi mikononi mwa wazee, na nadhani mkono wake mmoja ulikuwa umeshakwenda kiunoni wenyewe. “Maliza shamba lako,” alisema. “Mvua hiyo inakuja.” Nakijwa akalimaliza ikibaki siku moja. Wiki hiyohiyo mke wa Senkondo alionekana akichagua mti mrefu msituni, na mwaka wa pili mhunzi hakuwa na muda hata wa kula.

Na tangu siku hiyo watu wa Kwembago hulima wamesimama, lakini hakuna aanzaye kabla ya kupiga magoti na kuchota udongo mara tatu. Siku hizi wameleta na trekta. Nimemwona dereva wake kwa macho yangu akishuka, akipiga magoti mbele ya gurudumu, na kuchota mara tatu kwa kijembe anachokiweka chini ya kiti. Nikamuuliza kwa nini. Alinishangaa mtu mzima nisiyejua jambo dogo hivyo. “Usipofanya hivyo,” akanambia, “injini haiwaki.”