Bi Kanga na Wimbo wa Shangazi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Unajua wewe!

Ninajua, lakini nimekatazwa kusema. Sogeeni. Sogeeni zaidi, nyie wa nyuma, sitaki kupaza sauti. Kila mmoja ashike sikio lake aape: nitakachosikia sitasema. Mmeapa? Haya. Na mimi niliapa hivyohivyo mbele ya Bi Kanga mwenyewe, tena nikashika masikio yote mawili. Basi sikilizeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mji wao na makelele yao, alikuwepo Bi Kanga na binti yake wa pekee, Madoa. Madoa kaposwa na kijana wa Mzee Kwale, ng'ambo ya bonde. Na desturi ya kina Kanga ilikuwa hii: binti hatoki kwao mpaka wakwe wausikie wimbo wa shangazi yake. Katika wimbo huo shangazi ana ruhusa ya kumsema mama wa bibi arusi apendavyo, mbele ya watu. Ndiyo maana mama ni mwiko kuusikia kabla ya siku yenyewe. Wimbo usiposikika, wakwe wanabeba ngoma zao wanarudi, na binti anabaki.

Shangazi Kishungi alikuwa mbali, ameatamia mayai, hawezi kuja. Akaurekodi wimbo, akautuma kwa mtandao, akapiga simu.

“Wifi, wimbo nimeutuma. Uhifadhi, usiufungue.”

“Nimesikia, wifi.”

“Kuhifadhi si kufungua, wifi.”

“Kwani mimi mtoto, wifi?”

Sasa, mji mzima ulikuwa na kompyuta tatu. Kila kompyuta ina pepo wake ndani, na kila pepo ana tabia yake. Hapo ndipo balaa lilipokaa.

Bi Kanga akaenda, akaenda, akaenda, mpaka kwa Ngedere. Akabonyeza. Pepo wa kwa Ngedere akauliza: “Kitu kimeshuka. Nifungue au nihifadhi?”

Bi Kanga akatazama kushoto, akatazama kulia. Moyoni anasema, sijui kanisema nini yule mwanamke. Kidogo tu. Ubeti mmoja tu.

“Fungua!”

Wimbo ukaanza. Ubeti wa kwanza ukamsifu Madoa, mwendo wake na shingo yake. Unakuja wa pili, wa kumsema mama, mara nyayo za Ngedere mlangoni! Bi Kanga akafunga upesi. Ngedere alipopita, akarudi kutafuta. Hakuna.

“Wimbo wangu uko wapi?”

“Ulisema fungua,” pepo akajibu. “Hukusema hifadhi. Cha kufungua tu, ukikifunga nakitupa.”

“Unatupa mali ya watu?”

“Nilikuuliza.”

Bi Kanga akatoka anafoka mpaka manyoya yamesimama. Njiani Fisi alikuwa anapita zake. Bi Kanga akamtazama, akapiga simu.

“Wifi, wimbo umeibiwa.”

“Uliufungua?”

“Sikuufungua! Kaiba Fisi. Nani mwingine mwizi hapa?”

Shangazi akautuma tena.

Bi Kanga akaenda, akaenda, akaenda, mpaka kwa Panya Buku. Akabonyeza. Pepo wa kwa Panya Buku hakuuliza neno. Alisema tu: “Kimeshuka.”

“Kiko wapi?”

“Kimeshuka.”

“Nauliza kimeshukia wapi?”

“Mahali pake.”

Akatazama juu ya kioo, hakipo. Pembeni, hakipo. Kumbe kwa pepo yule kila kinachoshuka hutupwa shimoni kimyakimya, shimo la vipakuliwa, na mgeni asipojua pa kuchungulia atazeeka hapo. Bi Kanga akabonyeza tena. “Kimeshuka.” Akabonyeza tena. “Kimeshuka.” Akabonyeza kama anadonoa mtama. Kimeshuka, kimeshuka, kimeshuka!

“Nawe ukishuka ushukie kaburini!” Akatoka. Fisi alikuwa amejilalia kivulini.

“Wifi, wimbo umeibiwa.”

“Uliufungua?”

“Sikuufungua! Kaiba Fisi.”

Shangazi akautuma tena. “Huu wa mwisho, wifi. Mayai yanaanza kupasuka. Nazima simu.”

Bi Kanga akaenda, akaenda, akaenda, mpaka kwa Kobe. Pepo wa kwa Kobe ni mwenye adabu. Ana adabu mpaka inachosha.

“Kitu hiki kimetoka ugenini. Una hakika unakitaka?”

“Ninakitaka.”

“Una hakika?”

“Nimesema nina hakika!”

“Pengine kina madhara. Una hakika?”

“Madhara ni wewe!”

“Vema. Nikifungue na nani? Mwimbaji, mchoraji au msomaji?”

Hapo angesema hifadhi, mambo yangekwisha. Lakini ubeti wa pili ulikuwa unamwasha kama upupu.

“Yeyote! Msomaji!”

Msomaji akaufungua wimbo kwa kusoma. Vikajaa kiooni vijidudu vya herufi, nukta, mabano, mikwaju, kama kuku kachakura majivuni. Sauti hakuna.

“Ni… niwe nafungua hivi siku zote?” pepo akauliza kwa upole.

“Umerogwa huu!” Bi Kanga akaufuta. Pepo akamuuliza kama ana hakika. Msiniulize alijibu nini, hapa kuna watoto.

Siku ya arusi ikafika. Kina Kwale wakaja na ngoma, wakakaa mkekani. Spika zikawashwa. Mzee Kwale akakohoa.

“Mkwe, tunasubiri wimbo.”

“Wimbo kaiba Fisi!”

Fisi akakamatwa, akafungwa kamba. “Jamani,” akasema, “mimi huiba mifupa. Wimbo nitautafuna na nini?”

“Mwizi hakosi neno!”

Mzee Kwale akainuka. “Sisi hatukuja kuona kamba. Pasipo wimbo hapana arusi. Vijana, bebeni ngoma.” Madoa, hina mbichi miguuni, akaanza kulia.

Hapo akaingia Panya Buku, kabeba kompyuta yake kichwani, anahema. “Fundi wa spika yuko wapi? Mashine yangu imevimba, haisogei. Shimo limejaa!” Akaiweka nyuma ya pazia, akaichomeka kwenye umeme wa spika na kila waya aliouona, akaenda kumtafuta fundi.

Bi Kanga akanyata nyuma ya pazia. Akachungulia shimoni. Loo! Wimbo. Wimbo. Wimbo. Zimejipanga kama mayai kiotani.

Angepiga kelele: jamani, umepatikana! Binti angeolewa, Fisi angefunguliwa. Akafungua mdomo. Akaufunga. Kidogo tu, akasema moyoni. Ubeti wa pili tu, kisha nawaita.

Akabonyeza.

Spika zikapasuka kwa wimbo uwanja mzima. Bi Kanga akashtuka, akabonyeza kufunga, ukafunguka wa pili. Akabonyeza tena, ukafunguka wa tatu. Zikaimba zote, moja juu ya nyingine, sauti ya Shangazi Kishungi ikafika ng'ambo ya bonde, na ubeti wa pili ukaingia:

Mama yake Madoa, siri kwake haijalala,
Nitamwambia hifadhi, atajibu amesikia,
Wifi yangu namjua, huu ameshaufungua!

Pazia likavutwa. Fisi ndiye aliyelivuta, kwa meno, na kamba zake mwilini. Wakwe wote wakamwona Bi Kanga: shingo imenyooka, macho yamemtoka, na ukucha bado uko juu ya kitufe.

“Sikuufungua,” akasema.

Ameufungua, ameufungua, ameufungua! zikajibu spika.

Mzee Kwale akacheka mpaka akakaa. Ngoma zikapigwa, za kumchukua bibi arusi.

Basi, wajukuu, hifadhi kwanza, umbea baadaye. Na kabla hujamfunga Fisi kamba, tazama shimoni.

Hadithi yangu nimeifungua, kuihifadhi ni kazi yenu. Na mkikutana na Bi Kanga, sikusema kitu. Mliapa.