Chai Mbili na Mpambe Mmoja

Sogeeni karibu, na wewe wa nyuma weka simu chini, kwa sababu hadithi hii nitaianza mimi lakini mtaimaliza nyinyi. Asiyesikiliza atajibu ovyo na tutamcheka.

Kilosa palikuwa na wasichana watatu, mashoga wa kufa na kuzikana, kila mmoja na alichojaliwa. Siwema alijaliwa kicheko. Akianza kucheka sokoni, hata muuza dagaa aliyetoka kuibiwa anacheka naye, bila kujua wanacheka nini. Tausi alijaliwa machozi, na si ya kudeka. Redio ikitangaza mtoto aliyepotea wilaya nyingine kabisa, Tausi anaacha ugali unaungua, anakaa chini analia. Kibibi yeye alijaliwa swali. Haongei sana huyo. Anakaa amekunja miguu, anawaacha mmalize yote, halafu anauliza kitu kimoja na watu wazima wanaanza kukuna vichwa.

Shoga yao wa nne ndiye mwenye hadithi, Mwantumu, binti wa Mzee Mkude na Bi Sikudhani. Yeye hakujaliwa kitu ila wazazi, na wazazi wenyewe ndio hao ninaowaeleza.

Waliishi nyumba moja kwa milango miwili. Baba alitokea mbele, mama alitokea uani. Baba akifungua redio asikilize mpira, mama anafungua yake asikilize taarabu, na kila mmoja anapandisha sauti mpaka kuku wanahamia kwa jirani. Mama alikuwa akificha viatu vya mumewe, tena cha kushoto tu, hivyo mzee wa watu anakwenda kwenye vikao na kiatu kimoja na kandambili moja. Baba naye akawa anatia chumvi kwenye kopo la sukari la mkewe. Wakiwa na neno la kuambiana, mjumbe ni Mwantumu. Mwambie baba yako chakula kimeiva. Mwambie mama yako sina njaa. Vyumba vinatazamana, lakini jioni msichana alikuwa hoi kama aliyelima kutwa.

Basi ikaja posa. Mrisho, kijana wa watu, aliwatuma wazee wake. Walipofika walikuta baba amewaandalia chai barazani na mama amewaandalia nyingine uani, na kila mmoja anawaita waende kwake. Wakanywa zote mbili kwa heshima, wakaaga. Mlangoni, mkubwa wao alimwambia Mwantumu kwa upole kwamba watarudi Jumamosi, na wakikuta tena chai mbili, posa wataipeleka kwingine.

Mwantumu alimpenda Mrisho. Alilia, akafuta uso, akawaita mashoga zake akawawekea ahadi.

"Atakayewakalisha wazazi wangu mkeka mmoja, huyo ndiye mpambe wangu."

Hapo hata Kibibi alinyanyua kichwa. Mpambe wa bibi harusi ni mmoja. Anavaa kitambaa kilichochaguliwa kwa ajili yake, anakaa ubavuni, picha zote yumo, na mji mzima unauliza yule ni nani. Wote watatu walikuwa wakiutamani upambe huo tangu utotoni, wanacheza kombolela.

Sasa, karibu na soko kuna banda la video la Bwana Kahema. Bwana huyu anaonyesha filamu za nchi za mbali, anapunguza sauti ya wenyewe, anashika kipaza sauti na kuwasemea wote kwa Kiswahili, wanaume, wanawake na mbwa. Filamu ikiisha hawaachii watu hivi hivi. Lazima kwanza wasimame watazamaji watoe maoni. Wiki hiyo alikuwa na filamu ya mke na mume wanaogombana, ya kuchekesha lakini chungu.

Mwantumu alimwambia baba yake kuna filamu ya mke anayemtesa mumewe. Akamwambia mama yake kuna filamu ya mume anayemtesa mkewe. Hakusema uongo hata mara moja. Wote wawili walikuja haraka, baba akakaa mabenchi ya kulia, mama akakaa ya kushoto, na Mwantumu akabaki katikati, mashoga zake watatu wamejibana benchi la nyuma yake.

Filamu ikaanza. Mume akakata mguu wa kitanda cha mkewe. Mke akamwaga gundi kwenye kofia ya mumewe. Ilipofika mke anatema chai yenye chumvi, Bi Sikudhani alivuta kanga yake ainuke. Mume alipotafuta kiatu cha pili chini ya kitanda, Mzee Mkude alisimama kabisa, akauliza kwa sauti huyu Kahema kaingia kwake lini. Mwantumu alitamani ardhi immeze.

Ndipo Siwema alipocheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikalitikisa benchi alilokalia, na banda zima likalipuka. Bwana Kahema mwenyewe alicheka kwenye kipaza sauti mpaka mbwa wa kwenye filamu akasikika anacheka. Mzee Mkude alijikaza, akashindwa, akakaa anafuta macho. Bi Sikudhani alijifunika kanga, mabega yanaruka. Hakuna aliyetoka.

Filamu ikaenda mbele mpaka mwisho wake. Mume alikata nguzo ya chumba cha mke wakati uleule mke anakata nguzo ya chumba cha mume. Paa likawaangukia wote wawili, na siku ya maziko majeneza yao yakagongana mlangoni, kila moja linataka kutoka kwanza. Watu walicheka mpaka basi. Mzee Mkude alicheka akimtazama mkewe, kama anayesema umejiona. Mkewe naye alimcheka vilevile. Mwantumu akaona wazi kwamba wanarudi nyumbani na mbinu mpya.

Wakati wa maoni, Tausi alisimama machozi yanamtiririka.

"Nyinyi mmecheka, na mimi nimecheka," alisema. "Lakini kuna binti humo ndani, anabeba sinia kutoka chumba hiki kwenda kile. Tangu filamu ianze hadi wazazi wake wanazikwa, hakuna aliyemwita jina lake."

Bi Sikudhani aligeuka akamtazama Mwantumu aliyekaa katikati, na Mzee Mkude naye akamtazama. Mwantumu aliinamisha uso, kwa sababu alihisi akiwatazama atalia mbele za watu. Aibu iliwashika wazazi wale sawasawa. Lakini aibu nayo ina mambo yake, maana kila mmoja aliinuka taratibu, baba akaelekea mlango wa kulia, mama akaelekea wa kushoto.

Kibibi hakusimama hata. Aliuliza palepale alipokaa.

"Samahanini. Hawa wa kwenye filamu, waligombania nini?"

Wanaume walisema mke ndiye mwanzo wa yote, wanawake wakasema mume, lakini chanzo chenyewe hakuna aliyekikumbuka. Bwana Kahema aliyewasemea maneno yote hakukikumbuka pia. Mzee Mkude alisimama mlangoni, mkono kwenye pazia. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akamsemesha mkewe bila kumtuma mtu.

"Mama Mwantumu, sisi ilikuwa nini?"

"Jogoo," alisema Bi Sikudhani. "Uliwachinjia wageni wako jogoo wangu bila kuniuliza."

"Alikuwa jogoo mdogo."

"Alikuwa mkubwa, Baba Mwantumu."

Mzee Mkude aliachia pazia.

"Ni kweli," alisema. "Alikuwa mkubwa."

Walitoka kwa mlango mmoja. Jumamosi wazee wa Mrisho walikuta mkeka mmoja na birika moja, na chai ina sukari. Mwantumu alilia kwa furaha hadi Tausi akashangaa.

Ila ahadi ni ahadi. Siwema anasema bila kicheko chake wangetoka filamu ikiwa katikati. Tausi anasema wangecheka wakarudi nyumbani kukata nguzo. Kibibi anauliza tu, walikuwa wakielekea milango mingapi yeye alipofungua kinywa? Mwantumu, kwa kutaka busara, akawauliza wazazi. Baba alisema Siwema, bila kufikiri. Mama alisema Tausi, na nani asiyeliona hilo? Baba akasema mama hajaelewa filamu. Mama akaingia ndani, na sasa hivi taarabu inasikika, tena inapanda.

Fundi cherehani yuko barazani, tepu shingoni. Kitambaa kinatosha gauni moja. Haya, nyinyi mliokula hadithi yangu bure, semeni haraka kabla mzee hajafungua redio yake. Apimwe nani?