Tembo, Punda na Ufa wa Bwawa

Paukwa, wakubwa kwa watoto!

Pakawa, tuko nawe!

Zamani, zamani sana, ng'ambo ya bahari kubwa, wanyama walimfukuza Simba, mfalme wao. Wakasema, sasa tutajitawala. Wakamweka Nyati awaongoze. Nyati akaongoza, akazeeka, akaaga. "Nawaomba jambo moja," akasema. "Msigawanyike katika makundi."

"Hatutagawanyika," wakaitikia.

Nyasi alizokanyaga hazijasimama, ugomvi ukaanza. Ugomvi wa maji. Tembo akasema, "Tujenge bwawa moja, la wote." Punda akasema, "Kila kijiji kichimbe kisima chake." Waliomfuata Tembo wakajipaka rangi nyekundu. Waliomfuata Punda wakajipaka buluu. Wakapiga kura. Tembo akashinda, bwawa likajengwa. Jioni wakala pamoja, wakataniana.

Miaka ikapita, ikapita. Tembo akafa, Punda akafa. Wakaja watoto, wakaja wajukuu. Rangi zikabaki. Wekundu wakaacha kuoa kwa Wabuluu. Wabuluu wakaacha kuwazika Wekundu. Na maneno yakahama, kidogo kidogo, hakuna aliyeona. Mjukuu wa Tembo sasa anasema, "Kila kijiji na kisima chake." Mjukuu wa Punda anasema, "Bwawa moja, la wote." Na kila mmoja anaapa kwa jina la babu yake.

Kobe alikuwepo tangu siku za Nyati. Akawaambia, "Wajukuu zangu, mmebadilishana maneno."

"Bibi, wewe ni rangi gani?"

"Sina rangi."

"Basi nyamaza."

Mwaka mmoja mvua ikanyesha, chwa, chwa, chwa. Ukuta wa bwawa ukapata ufa. Maji yakatoka, tii, tii. Swala alikuwa akiishi bondeni, chini ya bwawa. Akakimbia kwa Tembo, yule mjukuu.

"Bwana Tembo, leta mawe. Wanangu wawili wamezaliwa leo, hawajaweza kusimama."

Tembo akatazama chini. "Bwawa ni jambo la Wabuluu. Nikibeba jiwe, wenzangu watasema nimehama."

Swala akakimbia kwa mjukuu wa Punda. "Bwana Punda, leta udongo."

"Ufa uko upande wa Wekundu," akasema Punda. "Nikiuziba, watajisifu wao."

Swala akarudi peke yake. Akaziba kwa majani, akaziba kwa kwato, huku analia. Kobe akaja, taratibu, na kokoto moja mdomoni.

Tii, tii. Tiririri. Kisha puu! Ukuta ukaanguka. Watoto wa Swala wakaenda na maji. Kobe naye akaenda na maji.

Mvua ilipokatika, Wekundu walisimama kilima hiki, Wabuluu kilima kile. Swala yuko katikati, kwenye matope. Akauliza, "Nani atanisaidia kuwatafuta wanangu?"

Tembo akamnyooshea Punda mkonga. "Ni yeye."

Punda akamnyooshea Tembo kwato. "Ni yeye."

Wakabishana mpaka matope yakakauka. Hakuna aliyeshuka. Swala alichimba peke yake, na hakupata kitu.

Wasikilizaji wangu, funzo ni hili: anayelipenda kundi lake kuliko jirani yake atamwacha jirani afe, na ataona amefanya vyema. Hadithi yangu imekomea hapo, kwenye matope. Ningekuwa na mwisho mwingine ningewapa.