Aliyeonja Akatema

Wapendwa, leo nawapeleka mahali ambapo wengi wenu mtajifanya hampajui: kwenye meza ya wiski. Mzee wangu kule nyuma, usiiname, sijakutaja.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuonja. Wiski mpya ikiingia nchini, au ile ya nadra ambayo wengi wetu hatutaiona hata chupa yake, analetewa yeye kwanza. Ananusa, anaweka kidogo mdomoni, anaizungusha, kisha anatema kwenye ndoo. Hamezi. Akimeza, ulimi unalewa na kazi imeharibika. Halafu anaandika gazetini: hii nzuri, ile achaneni nayo. Watu walimwamini kabisa. Akiwepo ukumbini, hakuna aliyegusa glasi kabla yeye hajasema neno.

Siku moja mchana tajiri mmoja akaalika wageni wake wakubwa. Alisema amepata wiski ya zamani sana, ya kiwanda kilichokwisha kufungwa, na kwamba haitapatikana tena. Mwonjaji akaja na mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa soda tu, aliyefuatana naye kwa sababu alijivunia kuwa na kaka kama huyo.

Glasi ikaletwa. Mwonjaji akanusa. Juu kulikuwa na harufu ya asali. Chini ya asali kulikuwa na kitu kingine, kikali, kama ile dawa mafundi wanayooshea brashi za rangi. Akaonja, na ulimi ukamwambia lile lile. Akatema.

Mtaniuliza, mbona hakusema? Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, na tajiri amesimama pale anatabasamu. Tena watu wa kazi ile wana mchezo wao: wiski ya nadra ikinuka vibaya, hawasemi inanuka. Wanasema ina tabia yake. Nani anataka kuonekana mshamba mbele ya chupa ambayo wakubwa wanaisifu? Basi akaiogopa aibu kuliko alivyokiogopa kile alichokinusa. Akasema, "Hii ina tabia yake. Si ya kila mtu." Wakampigia makofi.

Mdogo wake akamsogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka, na mimi ninywe?"

Hebu tusimame hapo kidogo. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa amemeza. Neno moja tu la sikioni lingetosha. Lakini tajiri alikuwa karibu, anasikiliza. Mwonjaji akajiambia, labda nimekosea, labda glasi moja haitamdhuru mtu.

"Kunywa," akasema. "Kitu kama hiki hakiji mara mbili."

Mdogo wake hakujua mambo ya kutema. Akaimaliza yote, kwa heshima ya kaka yake.

Yule mwonjaji hakupata usingizi. Kila gari lililopita barabarani alidhani linakuja kwake. Asubuhi simu ikalia. Alikuwa mke wa mdogo wake.

"Shemeji, njoo. Ndugu yako ananiuliza kwa nini sijafungua pazia. Na pazia nimelifungua, jua limejaa chumbani."

Hospitalini aliwakuta na wageni wengine wa ile karamu. Wawili walikuwa wameshafunikwa shuka. Daktari akamwambia macho ya mdogo wake hayatarudi. Akaenda akasimama kando ya kitanda. Yule kipofu akamtambua kwa pumzi zake, akanyoosha mkono kumtafuta.

"Kaka, wewe u mzima?"

"Mzima."

"Ashukuriwe Mungu. Wanasema ilikuwa sumu. Nimewaambia ilifichwa vizuri, hata wewe hukuisikia. Ungeisikia, usingeniacha ninywe."

Na mwonjaji akafanya nini? Aliushika ule mkono, na ukweli akabaki nao.

Wapendwa, mimi naogopa. Siiogopi wiski, maana hiyo wengi wenu hamna uwezo nayo. Naogopa kwa sababu waonjaji ni sisi. Binti anamleta mchumba nyumbani, unamtazama yule kijana na pua yako inakwambia jambo. Binti anakuuliza, "Baba, unamwonaje?" Nawe unamjibu kwamba kila mtu ana tabia yake, atabadilika. Rafiki yako anataka kuingia biashara na mtu ambaye wewe alishakutapeli, na wewe unamwambia, jaribu, huwezi kujua. Tunaogopa kuharibu sherehe. Tunaogopa kuitwa wenye wivu. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini kuna maradhi ambayo kifo chake kinampita mfichaji, kinakwenda kwa yule aliyemwamini. Hilo ndilo linalonitisha. Mtaliweza ninyi? Mtakaa kando ya kitanda, mshikwe mkono na kushukuriwa?

Yuko mtu nyumbani kwako anangoja neno lako. Unamjua, na ulichokinusa unakijua. Ukitoka hapa, kabla hujala chakula cha mchana, mwite pembeni umwambie. Akinuna, mwache anune. Akikufukuza, ondoka. Lakini mwambie leo, maana leo bado anaona.