Mbegu Chini ya Plau

Wasiosemezana hufukiana mbegu. Mmeisikia asubuhi kwa jirani, mkacheka, na sasa mnaniletea maswali wakati vidole vyangu vimechoka kubambua karanga. Haya, kaeni. Chukueni na nyinyi karanga mbambue, maana hadithi haijazi ungo. Methali hii ina wenyewe, na wenyewe walikuwa mtu na mkewe.

Ilikuwa huku huku kwetu Ugogoni, enzi ambazo plau la ng'ombe lilikuwa moja tu kwa vijiji vingi. Mume aliitwa Malogo, mke Nyemo. Binti yao wa pekee, Chausi, alikuwa ameolewa mbali, na nyumba ikabaki na watu wawili waliochoka. Misimu miwili mfululizo walilima, wakapanda, jua likala kila kitu. Taratibu wakaacha kuzungumza. Msidhani waligombana. Kugombana kunataka nguvu, na nguvu hawakuwa nazo. Nyemo akiweka ugali, Malogo anakula. Malogo akileta kuni, Nyemo anawasha moto. Kila mmoja alimwona mwenzake amechoka, akasema moyoni: nisimsumbue kwa maneno. Huruma hiyo ndiyo iliyowaponza.

Mbegu ya mtama iliyobaki ilikuwa kibuyu kimoja, wamekitundika juu ya moto ili moshi ufukuze wadudu. Kibuyu kile ndicho kilichokuwa chakula chao cha mwaka mzima unaokuja. Akiba nyingine hawakuwa nayo.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, Malogo alimtazama mkewe akiinuka kwa kushika ukuta, akaamua kwamba mwaka huo asishike jembe. Akawa anatoka alfajiri kama mtu anayekwenda kutazama mitego yake, kumbe anakwenda shambani kuberega. Kuberega si mnakujua? Unaparua majani juu juu, unachimba kishimo, unatia mbegu ardhi ikiwa bado kavu, unafukia, kazi iliyobaki unaiachia mvua. Alijikongoja hivyo mpaka akamaliza shamba lote, akakirudisha kibuyu kitupu mahali pake. Upepo wa huku hauna adabu, ukafagia vumbi na alama zake karibu zote zikafutika. Malogo akaenda ng'ambo ya mlima kumwona dada yake aliyekuwa mgonjwa, moyo wake umetulia.

Sasa mtazameni Nyemo. Alimwona mumewe akiondoka huku anakohoa, akawaza kwamba mzee huyu akirudi na kuanza kulima, kazi itamuua. Akirudi na akute kazi imekwisha. Akamfungua mbuzi wake wa maziwa, aliyepewa na marehemu mama yake, akampeleka kwa Mwaluko, fundi wa plau, ili aje amlimie. Mwaluko alikuwa na maksai wawili wenye nguvu, na sifa ya kugeuza udongo mpaka ule wa chini ukaliona jua.

Mwaluko alipofika shambani hakuanza kazi mara moja. Alitembea kidogo, akainama.

"Mama, shamba hili halijaguswa?"

"Nani aliguse?"

"Naona kama majani yameparuliwa. Mzee yuko wapi nimuulize?"

"Mzee yuko kwa dada yake. Huyo hajashika jembe tangu mwaka jana, amechoka. Wewe lima."

"Nilime juu juu au nizamishe?"

"Zamisha, mwanangu. Nimekupa mbuzi mzima, usinilimie kama kuku anayeparua."

Mwaluko akazamisha. Alilima vizuri hasa, matuta yamenyooka, udongo mwekundu umelala laini, na Nyemo akamletea maji akimshukuru.

Malogo alirudi jioni. Alisimama ukingoni mwa shamba. Nyemo akamfuata, na kwa mara ya kwanza tangu zamani alikuwa anatabasamu.

"Baba Chausi, nimekodi plau. Nilitaka upumzike."

"Mbegu zimo humo."

"Mbegu gani?"

"Za kibuyuni. Nilizipanda zote, Mama Chausi. Nilitaka upumzike."

Nyemo akaketi chini palepale, juu ya udongo uliolimwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Wote wawili walikuwa na uchungu, na hapakuwa na wa kumlaumu.

Unauliza kwa nini hawakufukua? Mjukuu wangu, mtama si kiazi. Punje ikishazama chini ya plau, hata aliyeipanda haijui tena.

Mvua ikaja, na mwaka huo ilikuja vizuri, ndiyo maana iliuma zaidi. Mashamba ya watu yalikuwa kijani. La kwao lilitoa miche ya kuhesabika, ndege wakaimaliza. Ikabidi wafunge safari kwenda kuomba mbegu ukweni kwa binti yao, na mnajua wenyewe kuomba ukweni kulivyo. Walitembea polepole kwa sababu ya kile kikohozi. Lakini walikwenda wakizungumza, wakayatoa yote waliyokuwa wameyameza. Msimu ule walipanda kwa kuchelewa, wakavuna kidogo, wakachoka kuliko walivyowahi kuchoka. Walichoka pamoja, angalau.

Mwaluko jambo lile lilimkaa moyoni. Tangu hapo hakukubali kufunga nira mpaka mume na mke wasimame wote ukingoni mwa shamba, waambiane mbele yake nani amefanya nini. Watu walimcheka, wakasema fundi wa plau amegeuka mshenga. Siku moja bwana mmoja akamjia juu.

"Mimi na mke wangu hatuhitaji maneno. Tunapendana, tunaelewana hivi hivi. Wewe lima."

Mwaluko akawageuza maksai wake, akaanza kuwaongoza kurudi nyumbani.

"Hata Malogo na Nyemo walikuwa wanapendana," akasema. "Wasiosemezana hufukiana mbegu."