Sahani ya Tunu

Mwanamke mmoja alikuwa na mikono iliyosifiwa mtaa mzima. Aliitwa Mwatumu, msusi, na bibi harusi aliyetoka mikononi mwake hakuhitaji kujisifu. Ikafika siku mikono ile ikaanza kumgomea. Asubuhi ilikuwa haijambo, lakini ikifika mchana haikuweza kukaa juu ya kichwa cha mteja. Kope zilianguka zenyewe. Chakula alikitafuna nusu, taya zikachoka.

Mtu akipatwa na ugonjwa asiouelewa, hutafuta wa kumbebesha. Mwatumu hakuhangaika mbali. Sikukuu iliyopita wifi yake Tunu, dada wa mumewe, alimletea sahani ya visheti, na haukupita muda kope zikaanza kulegea. Basi amelishwa kitu! Tangu hapo alimkataza Tunu kukanyaga kwake. Na ile sahani, ambayo kwa desturi ya watu wale hairudi tupu bali hutiwa chochote kizuri, yeye hakuirudisha kabisa. Aliitupa uani, ikawa ya kunyweshea kuku maji. Tunu alikuwa akipita njiani akiiona, na mume, ambaye hakuwa na ndugu mwingine, akawa anakonda katikati yao.

Hospitali kubwa walimwambia atakuwa anakuja asubuhi na kurudi kwake jioni. Atakaa kwenye kiti, mashine itavuta damu yake na kutenga majimaji yenye madhara yakamwagwe, kisha damu itarudi mwilini pamoja na majimaji mengine safi. Wengine wangeogopa. Mwatumu alifurahi, maana alikuwa mtu asiyepita jikoni kwa watu bila kufunua sufuria. Moyoni alisema: leo nitakiona alichonilisha.

Akachomwa sindano kila mkono, akaambiwa asiikunje. Midomo ikamtekenya, baridi ikamwingia, akafunikwa blanketi. Pua ikamwasha asiweze kujikuna, akakunwa na mama asiyemjua, aliyekuwa kiti cha pili akisubiri zamu yake. Lakini macho ya Mwatumu yalikuwa kwenye mfuko uliokuwa ukijaa polepole. Alitazamia kitu cheusi, labda nywele, labda unga wa ajabu ajabu. Yakaja majimaji ya manjano, maangavu kama mafuta ya alizeti. Akaomba mfuko uinuliwe kwenye mwanga. Nesi Atupele, ambaye hakuwahi kuombwa jambo kama hilo, akauinua.

Mwatumu akautazama juu mpaka chini, kisha akauliza kiko wapi alicholishwa.

"Mama, hakuna aliyekulisha kitu," nesi akasema. "Humu mna walinzi wa mwili wako mwenyewe, wale wa kupigana na maradhi. Wamekosea, wanawapiga wenye nyumba."

Mwatumu akageuza macho kwenye mfuko wa pili, ule wa majimaji safi. Halafu akauliza, na haya ninayotiwa yanatoka wapi? Akaambiwa yametolewa katika damu ya watu waliojitolea, hata majina yao hayajulikani. Na walinzi hawa wakishamwagwa, wamekwisha? Hapana, akaambiwa, mwili utaunda wengine kama wao. Ndiyo maana kuna dawa za kumeza, na ndiyo maana atarudi tena kwenye kiti.

Njia nzima ya kurudi aliona haya, haya kwelikweli. Alimtazama kila mtu aliyepishana naye, muuza machungwa, fundi viatu, mwanamke mwenye ndoo kichwani, akijiuliza kama ni huyu. Waliomsaidia hakuwajua. Waliompiga walikuwa wake. Na Tunu, ambaye yeye alimfungia mlango, hakuwa na kosa lolote.

Mikono ilipopata nguvu, kazi yake ya kwanza haikuwa kusuka. Aliifuata ile sahani uani, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, akakaanga visheti, akaenda nayo kwa Tunu. Tunu akaipokea mlangoni. Mwatumu akanyoosha mkono achukue kimoja, aonje kwanza mbele yake, maana ndivyo hufanya mtu anayeogopa kudhaniwa vibaya. Lakini Tunu alikwisha kutia kimoja mdomoni, anatafuna, machozi yanamtoka.

"Sukari imezidi kidogo, wifi," akasema.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Baadaye mikono ililegea tena, na Mwatumu akarudi kwenye kile kiti. Shaka nayo ilirudi. Hata leo Tunu akimletea uji, kuna kitu moyoni mwa Mwatumu kinanong'ona. Yeye hukisikia, kisha huunywa uji wote, na bakuli hurudi kwa mwenyewe likiwa na kitu. Anayemsindikiza hospitali siku hizi ni Tunu, na ndiye anayemkuna pua.

Nanyi mlionisikiliza, mkifika kwenu leo tazameni uani: kuku wenu wananywa maji katika sahani ya nani?