Matairi Yenye Meno

Mwiba ni kitu kidogo. Ukiuchomoa mapema, unapangusa tone la damu na kuendelea na safari. Ukiudharau, mguu wote huvimba, nawe hubaki nyumbani wenzako wakienda. Ndivyo yalivyomkuta Kasiani, ingawa mwiba wake ulikuwa kwenye tairi.

Kasiani alitoka Bukoba kwenda Stockholm kujifunza kazi ya umeme, akapata ajira, akakaa. Kufikia kiangazi cha mwaka 1976 alikuwa hajamwona mama yake, Bi Clementina, kwa miaka tisa. Alikuwa na gari dogo la mizigo alilonunua kwa mwoka mikate mzee, ambaye alikuwa ameliacha bandani miaka mingi. Kasiani hakuwa mchoyo wa gari hilo. Mtanzania au Mkenya yeyote aliyehama nyumba alibebewa kitanda naye.

Rafiki yake Onyango, fundi magari kutoka Kisumu, ndiye aliyeuona mwiba. Siku moja alichuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, akapitisha ukucha ubavuni mwa tairi.

"Bwana Kasiani, hizi tairi zimezeeka."

"Zimezeeka wapi? Tazama meno!" Kasiani alichomeka njiti ya kiberiti kwenye mfereji wa tairi, ikazama. "Kwetu hili lingetembea miaka mitano zaidi, kisha ndipo likatwe viatu."

"Meno hata maiti anayo. Angalia ngozi."

Kweli, ubavuni palikuwa na nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja.

"Mpira hukauka hata gari likilala," Onyango alisema. "Nimekuwekea nne gereji. Njoo Jumamosi."

"Nitakuja, ndugu yangu."

Jumamosi hiyo rafiki yao Jerioth alikuwa akihamia mtaa wa Hallonbergen, na vitanda havina miguu ya kutembelea. Jumamosi iliyofuata wanakwaya walitaka kupelekwa mtaa wa Skärholmen. Onyango aliyafunika matairi yale kwa gunia, akaandika juu yake jina la Kasiani ili asiyachukue mwingine.

Kisha barua ikafika. Bi Clementina alikuwa akienda Finland kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Angebadilisha ndege Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm, akae hapo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Kurudi, angepitia Kopenhagen. Saa tatu tu, baada ya miaka tisa.

Kasiani alinyoa nywele. Alinunua shati. Aliliosha gari hadi likang'aa kama kioo.

"Mzee, kesho unakwenda na zile zile?" Onyango alimuuliza kwenye simu. "Njoo sasa hivi, nitazifunga kabla ya jioni."

"Sasa hivi napiga pasi shati. Nikishamwona mama, nakuja moja kwa moja kwako."

Asubuhi ile jua lilikuwa kali na lami ilichemka. Alipopita njia ya kwendea mtaa wa Akalla, tairi la nyuma lilipasuka kwa kishindo, gari likayumba, akalishika kwa nguvu zote mpaka likasimama pembeni. Akashukuru Mungu, akatoa tairi la akiba. Nalo lilikuwa na umri uleule. Hakwenda nalo hata mita mia, likalala chini kama chapati.

Alipunga mkono mpaka bega likamuuma. Hatimaye mama mmoja wa Kiswidi alisimamisha kigari chake, akaona shati lililolowa jasho, akampeleka bila kuuliza mengi. Lakini Kasiani alipoingia ukumbini mbio, ndege ya mama yake ilikuwa imeondoka dakika ishirini zilizopita.

Mwanamke aliyekuwa akipiga deki alimtazama. "Wewe ndiwe Kasiani?" aliuliza kwa Kiswahili. Alikuwa Mkenya, jina lake Wilkister. "Mama alikaa hapa. Mkoba wake aliuweka kiti hiki cha pili. Kila mtu akitaka kukaa, mama anashika mkoba na kumwambia, 'Kuna mtu.' Mimi namtafsiria."

Kasiani alikishika kiti kile cha pili.

"Aliniuliza kama umekonda. Nikamwambia, mama, mimi simjui. Akasema, 'Basi ukimwona, umtazame vizuri kwa ajili yangu.'" Wilkister alimtazama kweli, toka kichwani hadi miguuni, kisha akampa kifurushi cha jani kavu la mgomba alichoachiwa na mama. Ndani mlikuwa na kahawa ya kutafuna, punje kavu za kwao Bukoba.

Wiki iliyofuata Kasiani alirudi Arlanda kumpelekea Wilkister chupa ya asali. Matairi aliyofungiwa na Onyango yalikimbia kimya, yakamfikisha mapema. Aliketi kwenye kiti cha pili, punje ya kahawa mdomoni. Bwana mmoja mgeni akakinyooshea kidole kiti cha kwanza, alichokalia mama, akauliza kama kina mwenyewe.

Kasiani alikitazama.

"Hakuna mtu," alisema kwa Kiswidi, akavuta miguu ampishe.

Mdharau mwiba, mguu huota tende.